Chumba cha Maharage

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyingi nimezimalizia kwa mashine, kwa sababu mashine ukiitukana haiendi kukushtaki. Miaka ile wanajeshi walipokuwa wakitawala Uganda, hiyo haikuwa sifa ndogo. Nilikuwa fundi wa baridi katika chuo kikuu, juu ya kilima, Kampala. Feni, majokofu, mitambo ya kupoza kumbi na maabara, vyote vilikuwa chini yangu, na kila kilichoharibika lawama ilikuwa yangu pia.

Jamaa zetu wa Mombasa walikuwa wakinicheka. Babu wa babu yangu alifika Buganda na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na tangu hapo ukoo mzima ukageuka kuwa watu wa vilima na mvua za mchana. "Kampala kuna joto gani la kumwajiri mtu?" waliniuliza. Laiti wangekuja kiangazi kile. Mvua zilikatika mapema, majani ya viwanja vya chuo yakawa rangi ya mkate, na jua likakaa juu ya mapaa kama mgeni asiye na haya. Wanafunzi walizimia kwenye vyumba vya mitihani. Njiwa waliacha kuruka mchana, wakajipanga kwenye vivuli vya madirisha wakiwa wameachama.

Kupoza majengo wakati wa amani ni kazi ya fundi. Wakati ule ilikuwa kazi ya mganga. Mafundi wa Kihindi walionifundisha kazi walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na wenzao wote, na maduka yao ya vipuri yakagawiwa watu wasiojua kutofautisha kompresa na pampu ya baiskeli. Gesi ya mitambo ilikuwa haipatikani. Nilibakiwa na mwenzangu mmoja tu, mtu wa kaskazini, mtoto wa polisi, aliyezaliwa kwenye kota za askari na kulelewa kwa Kiswahili cha gwaride. Yeye aliniita Sheikh, kunitania, kwa kuwa hakuwahi kunikuta nikiswali kwa wakati.

Kwa hiyo tulipoza majengo kwa miguu. Kabla jua halijachomoza tulizunguka kufungua kila dirisha ili hewa ya asubuhi iingie. Jua likipanda tulizunguka tena kuyafunga na kuteremsha mapazia. Wanafunzi wakanipa jina, Bwana Madirisha, nami nikawapa majina yao ambayo hayafai kuandikwa. Nilikubali kila jengo jingine lichemke kidogo, nikijua kwamba jengo moja haliwezi kusubiri.

Hilo lilikuwa jengo la mimea, na ndani yake, ghorofa ya chini, chumba cha maharage. Kilikuwa chumba cha baridi kisicho na dirisha, kimejaa rafu, na kwenye rafu chupa za kioo zilizozibwa kwa nta. Ndani ya chupa mlikuwa na mbegu za maharage ya Uganda nzima: mekundu ya Kigezi, madogo meusi ya upande wa Mbale, yenye madoa kama mayai ya ndege, na mengine ambayo hata wakulima wenyewe walikuwa wameshaacha kuyapanda. Unyevu haukuweza kupenya nta ile. Adui wa mbegu zile alikuwa joto. Chumba kingepata moto wiki chache tu, zingebaki nzuri machoni na kufa ndani.

Aliyezikusanya alikuwa mhadhiri, mtu mrefu mwenye kicheko cha kukohoa, aliyekuwa akisafiri na baiskeli kwenye paa la basi ili afike vijiji ambavyo basi lenyewe halikufika. Msimu wa mvua uliotangulia, watu wa miwani myeusi walikuja kumchukua mchana kweupe. Waliegesha gari mbele ya jengo, wakamwita kwa adabu, naye akatoka bado ana chaki mkononi. Hakuonekana tena.

Mkewe naye alikuwa mhadhiri papo hapo, na ndiye aliyebaki na chumba. Nilimwita Daktari. Alikuwa Mganda wa familia ya heshima, mwembamba, mwenye kupenda mambo yake yawe sawasawa, na kila asubuhi alisoma kipimajoto cha mlangoni kabla ya kunisalimu. "Fundi, baridi yako leo ina uvivu," angeniambia. Hakulia mbele ya mtu. Kila Ijumaa alifunga chakula kwenye kikapu, akaenda kwenye geti la kambi ya jeshi, upande wa Makindye, akasimama na wanawake wengine kuuliza. Dada zake wa Nairobi walimwandalia mahali pa kukaa, akakataa. Aliniambia sababu yake siku moja, akifuta vumbi la chupa: "Siku akirudi, hataniuliza mimi nimekula nini. Atauliza maharage yake. Nataka nimwambie yako hai."

Basi hilo ndilo lililokuwa limeniganda kichwani. Kwa ukumbi ningeweza kuomba radhi. Kwa chumba kile sikuwa na uso wa kuombea.

Mtambo wake ulikufa siku ya Jumatano. Uliguna, ukatetemeka, ukanyamaza, na mwenzangu akaweka sikio juu ya kompresa.

"Sheikh, hii imekufa kabisa. Gesi hakuna ndani, na hata kama ikikuwa, hii chuma yenyewe imechoka."

Niliipiga teke. Halafu niliipiga la pili kwa ajili ya serikali. Siku nzima iliyofuata tulizunguka mji. Sokoni Owino tulipita kila kibanda cha vyuma chakavu, tukaonyeshwa mitungi mitupu na vipande vya majokofu ya watu waliokwisha ondoka. Mtu mmoja aliniapia ana gesi. Alikuwa na mtungi wa zimamoto. Tuliporudi, mstari wa zebaki ulikuwa umepanda kuliko nilivyowahi kuuona, na ukuta wa magharibi wa chumba, ule unaopigwa na jua tangu saa sita, ulikuwa wa moto mkononi. Aliyechora ramani ya jengo lile akaweka chumba cha baridi upande wa machweo, nadhani alikuwa na ugomvi na mtu.

Daktari aliusoma mstari ule, asitanie.

"Fundi, una njia?"

"Ninayo," nilisema. Sikuwa nayo.

Nilichojua ni kwamba ukuta ukitiwa kivuli chenye maji, na upepo ukapita, utapoa. Kilichonishinda ni kivuli chenyewe. Magunia ndiyo dawa, lakini magunia yote ya Kampala yalikuwa yamekwenda kubeba kahawa ya magendo mipakani. Vitambaa madukani hakuna. Watu walikuwa wakishona nguo kwa mapazia. Usiku nikiwa kwetu, nikanywa maji ya mtungi wa bibi yangu. Mtungi ule aliuvika kipande cha lubugo, ile nguo ya Waganda inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, akawa anainyunyizia maji asubuhi na mchana. Maji yake yaliuma meno. Nilikaa pale na kikombe mkononi, nikajicheka. Nguo inayolingana na ukuta, inayoshika maji, isiyotoka kiwandani na isiyohitaji kibali cha mtu, ilikuwa inapondwa kila siku upande wa pili wa mji.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda Kasubi kabla ya watu kuamka vizuri. Mtengenezaji alikuwa mzee wa makamo mwenye mikono kama mizizi, na nyuma ya nyumba yake miti ya mutuba iliyochunwa ilikuwa imevishwa majani ya migomba ili ijiponye. Nilimwambia nataka nguo kubwa kubwa, nyingi, za kufunika veranda nzima ya jengo la mimea pale chuoni. Alinitazama sana. Akaniuliza kama ni jengo la yule bwana wa maharage. Nikamwambia ndilo. Akavua kofia. Akaingia ndani, akatoka na nguo nzuri kuliko nilizoomba, za rangi ya udongo uliochomwa, akaniongezea nyingine juu, akatufunga mzigo kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeona heshima ya chuo?" nilimwambia mwenzangu njiani, nimevimba kichwa.

"Sheikh, hata mimi nashangaa," akasema.

Tulizitundika mapema, kutoka dari ya veranda mpaka chini, nguzo hadi nguzo, mpaka ukuta wote wa magharibi ukapotea, ukabaki mlango tu. Daktari hakuwepo; ilikuwa Ijumaa, na alikuwa ameshakwenda Makindye na kikapu chake. Tulinyunyiza maji kwa uangalifu, kwani lubugo likilowa sana huchanika. Likatoa harufu ya moshi na majani mabichi. Upepo mdogo ukapita katikati ya nguo na ukuta. Nilisubiri mpaka jua likageukia upande ule, halafu nikaweka kiganja changu kwenye plasta.

Ilikuwa baridi. Nimefanya kazi na mitambo ya Ulaya yenye vitabu vinene kuliko msahafu, na sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa siku ile, mkono wangu ukiwa ukutani. Jua lilikuwa linawaka upande mmoja wa gome la mti, na upande wa pili kulikuwa na asubuhi. Ndani ya chumba, mstari wa zebaki ukaanza kushuka. Mwenzangu alicheza ngoma ya kwao, palepale verandani, na buti zake.

Mama mmoja mfagiaji ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alipita na ufagio, akaziona nguo, akasimama. Akauweka ufagio chini, akapiga magoti kwenye majani, akainamisha kichwa. Nilidhani amezidiwa na joto. Nilipotoka kumpa maji, walikuwa wameshafika wengine: mpishi wa bweni, makarani wawili, mwanamke aliyeuza ndizi nje ya ukuta wa chuo, karai lake bado liko kichwani. Wanawake walikuwa wamejifunga vitambaa viunoni. Waliketi kwenye majani makavu, miguu wameikunja, wakiutazama mlango wa chumba cha baridi. Hapakuwa na sauti. Wengine walikuja na vipande vyao vya lubugo vilivyokunjwa vizuri, wakaviweka mbele ya veranda, mmoja baada ya mwingine, na kurudi nyuma kwa adabu.

Mwenzangu alinivuta mkono.

"Sheikh. Kwa hawa Baganda hii nguo si ya kuzika mutu?"

Kila mtoto wa Kampala anajua kwamba Mganda hazikwi bila lubugo, na kwamba waombolezaji huleta mabugo yao msibani na wanawake hujifunga viunoni. Hata mimi nilijua. Lakini kwetu sanda ni bafta nyeupe, na lubugo lilikuwa nguo ya mtungi wa bibi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa joto la ukuta na hakikuwa na nafasi ya kingine. Yule mzee wa Kasubi alikuwa amevua kofia kwa ajili ya maiti. Tulikuwa tumeweka matanga mbele ya jengo la mtu aliyechukuliwa na serikali, mchana kweupe. Na kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa cha baridi, watu walikuwa wameelewa jambo moja tu: mwili umepatikana, na umelazwa ndani.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Niliwaza kuzitoa. Nikatazama jua, lilikuwa limeshapita utosini, linainamia magharibi. Nikawaza kuwaambia ukweli. Nikafungua mdomo, nikazitazama nyuso zile, nikaufunga. Watu walizidi kuja, kwa njia za vichochoro, wawili wawili, kimya, kwa sababu kilio siku hizo kilikuwa kinaita askari. Sijawahi kuona huzuni nyingi kiasi kile ikikaa mahali pamoja bila kutoa sauti. Niliogopa, na nikiri pia kwamba nilipendezwa, kama mtu anavyopendezwa na mto uliofurika.

Ndipo Daktari akarudi.

Alikuja kwa njia ya juu, kikapu mkononi, chakula bado kimefungwa. Aliona nguo. Aliona watu. Kikapu kikamponyoka, viazi vikabingirika mpaka miguuni kwa watu, naye akakimbia. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hatua, akakimbia katikati yao, akapanda veranda, akanishika shati.

"Wamemleta? Yuko ndani?"

Akaniacha, akausukuma mlango wa chumba. Tulimsikia akisimama. Ndani mlikuwa na rafu, na kwenye rafu chupa, na ndani ya chupa maharage. Alikaa humo muda. Watu wote nje waliinuka kwa magoti ili waone, na mlango ukiwa wazi vile, wakaona nao.

Alipotoka, uso wake ulikuwa mkavu. Nilimweleza, maneno yakigongana: mtambo, magunia, mtungi wa bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema taratibu, "nani alikuruhusu kumuua mume wangu?"

Akanyosha kidole kwenye nguo.

"Ziteremshe."

"Daktari, jua la saa hizi..."

"Nimesema ziteremshe. Mtu wangu hajafa."

Nilipanda kwenye kigoda, nikafungua fundo la kwanza. Nguo moja ikaanguka, na jua likaingia kama limeitwa, likapiga ukuta wote mpaka chini. Nilikuwa nashika fundo la pili yule muuza ndizi aliposimama. Alipiga magoti mbele ya Daktari, akamsalimu kwa kirefu, kama ilivyo desturi yao, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tuelewe.

"Nnyabo, mama mwarimu, unisamehe. Hatukukuja kwa bwana yako peke yake. Mimi mutoto yangu wamemubeba tangu mwaka ile, sijui iko wapi. Kaburi hakuna, matanga hakuna. Sijapata pahali ya kukaa. Leo nimeona hii nguo, nikasema, wacha nikae hapa kidogo."

Nilipotazama nyuma yake nikaona vichwa vikiinama, kimoja kimoja, mpaka kule mwisho kwenye ua, nikaelewa kwamba kila mmoja alikuwa amekuja na mtu wake wa kumlilia. Mpishi alikuwa na wake. Karani alikuwa na wake. Hata yule mama mfagiaji, ambaye kila siku nilimgombeza kwa kufungua madirisha niliyoyafunga.

Daktari aliwatazama, na mimi nilibaki juu ya kigoda nikiwa na fundo mkononi.

Gari la jeshi liliingia hapo hapo. Alishuka askari mmoja mwenye cheo, na wawili nyuma yake na bunduki.

"Nani amekufa hapa?"

Akapita mbele ya watu, akiwatazama mmoja mmoja.

"Nauliza, nani amekufa? Hii watu yote nafanya nini? Mkutano hapana ruhusa!"

Nilihesabu kwamba yako majibu mawili tu. Daktari akisema amekufa mume wangu, amemzika kwa kinywa chake, na ataulizwa nani aliyemuua. Akisema hakuna aliyekufa, watu wote wale watatawanywa kwa kitako cha bunduki, au watapakiwa garini. Yeye alishuka ngazi za veranda, akamsogelea askari mpaka karibu, mikono ameikunja mbele kama anavyosimama mwalimu.

"Hakuna msiba, Afande. Mtambo wa baridi umeharibika na ndani kuna mbegu za serikali. Tunapoza ukuta kwa maji. Hawa ni wafanyakazi wangu."

Askari alizitazama nguo, akawatazama watu.

"Wafanyakazi? Wamekaa hivi, nafanya kazi gani?"

Naapa hakuna aliyepewa ishara. Muuza ndizi aliinuka, akatwaa karai lake, akaenda kwenye bomba la bustani. Akarudi na maji, akachota kwa kiganja, akanyunyiza lubugo, taratibu. Akafuata mpishi na sufuria. Kisha mama mfagiaji, kisha makarani na vikombe vya chai, kisha wote. Walijipanga mstari kutoka bombani mpaka verandani, na vyombo vikapita mkono kwa mkono. Ile nguo niliyoiangusha wakaiokota wenyewe, wakaitundika. Vipande walivyoleta kwa ajili ya maiti wakavitundika pia, juu ya vile vyangu, mpaka ukuta ukawa na tabaka mbili, tatu.

Nilikuwa karibu nao, na hili nataka nilieleze vizuri. Kila aliyefika ukutani, kabla ya kumwaga maji yake, alisogeza mdomo karibu na nguo akasema kitu. Neno moja, pengine mawili. Yalikuwa majina. Aliyemaliza alirudi nyuma ya mstari, akachota tena. Askari yule aliona kazi, na kwa kweli ilikuwa kazi. Ukuta ulikuwa unapoa.

Hatimaye askari akamwambia Daktari, "Sawa. Lakini nitaweka mutu yangu hapa kuangalia," akamwacha kijana wake mmoja mwenye bunduki chini ya mti wa ua, akaondoka.

Jioni, watu walipokuwa wanakwenda, niliuliza kama sasa nizitoe. Daktari alikuwa anaokota viazi vyake kwenye majani.

"Ziache," alisema bila kunitazama. "Kesho watakuja na wengine."

Walikuja. Walikuja kila siku ya kiangazi kile, wakati wa joto kali, kutoka vilima vyote, watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Habari zilikwenda kwa njia zake: pale chuoni kuna kazi ya maji. Mimi na mwenzangu hatukuwa na la kufanya ila kufunga kamba zilizolegea. Alisema siku moja, huku anatazama mstari, "Sheikh, hii mashine yetu ya sasa haikuli umeme." Hata yeye akachukua kikopo akaingia kwenye mstari, nami sikumuuliza alikuwa anakwenda kumtaja nani. Daktari hakuingia. Alisimama mlangoni na kipimajoto chake, kila siku, akiwatazama wakimwaga.

Zebaki haikupanda tena. Kiangazi kilipokaribia mwisho alichukua punje kutoka kila chupa, akazilaza kwenye karatasi zilizolowa, na baada ya siku chache akaniita. Zilikuwa zimechipua, vikucha vyeupe, safu kwa safu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Yeye alizitazama sana. "Yako hai," alisema, na akarudia kwa Kiganda, kama anayemwambia mtu aliye nyuma yake. Halafu akageuka, akaona hakuna mtu, na hapo nilitoka nje kwa sababu haikuwa haki yangu kuona uso ule.

Mvua ya kwanza ilitukuta sote pale. Wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi, upepo ukazipiga nguo zote kwa pamoja, na matone makubwa yakaanza kuanguka. Kazi ilikuwa imekwisha. Mbingu ilikuwa inamwaga yenyewe. Yule kijana wa bunduki alikimbilia chini ya mapaa ya jengo la jirani. Nilitegemea na wengine wakimbie. Hawakukimbia. Waliweka vyombo chini, wakaketi kwenye majani, katika maji, kama walivyoketi siku ya kwanza.

Mvua ya Kampala ikipiga mabati hata mtu aliye ubavuni mwako humsikii. Ilipofika kimo hicho, Daktari aliondoka mlangoni. Alitoa kipande cha lubugo ukutani, akajifunga kiunoni, akashuka ngazi, akaketi kati ya muuza ndizi na mama mfagiaji. Akainua uso. Nikaona mdomo wake unafunguka, na mishipa ya shingo ikisimama, na wanawake wote wakafungua midomo yao pamoja naye. Walilia kwa nguvu zote walizokuwa wameziweka miezi na miaka, wamekumbatiana, wakipiga ardhi kwa viganja, na mimi niliyesimama hatua chache tu nilipata mlio ule kwa vipande, ngurumo zilipopumua. Mwenzangu alikuwa amejifunika uso. Mimi niliuegemea ukuta ule nikalia, na sikuona haya.

Ilinyesha mpaka jioni. Mkubwa wa yule kijana alipopita kukagua, alimuuliza kama kuna kilichotokea. Kijana alikuwa amelowa mpaka kwenye buti ingawa alikuwa chini ya paa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapana, Afande," alisema. "Nimesikia mvua tu."